Uteuzi wa Cherehani ya Kushonea Ngozi Nzito katika Karakana Ndogo: Mazingira ya Bugarama, Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Karakana nyingi ndogo za ngozi katika Afrika Mashariki hupoteza mtaji wake wa kwanza kwa kununua cherehani isiyolingana na kazi. Makala hii inaeleza namna ya kuchagua cherehani ya kushonea ngozi nzito kwa kuzingatia mazingira ya Bugarama, katika uliokuwa mkoa wa Rumonge, Burundi. Hoja kuu ni kwamba uteuzi hauanzi na jina la mashine wala nguvu ya mota. Unaanza na mshono mnene kuliko yote ambao karakana itaushona, kisha uzi na sindano vinavyoufaa mshono huo, na mwisho uwezo wa kuitunza mashine mahali ilipo. Makala inaonesha pia kuwa istilahi "cherehani ya kiwandani", inavyotumika madukani, huficha tofauti ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua kabla ya kutoa fedha.

1.0 Utangulizi

Bugarama inayozungumziwa hapa ni ile ya Rumonge, kandokando ya Ziwa Tanganyika, na si njiapanda yenye jina hilohilo iliyoko milimani Muramvya. Barabara ya taifa nambari 3, itokayo Bujumbura kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac, inapita katika mwambao huu. Kwa barabara hiyo husafirishwa samaki, mawese, ndizi na abiria, na katika vituo vyake ndipo fundi viatu hupata wateja. Kazi anazoletewa ni za aina nyingi: ndara zilizokatika gidamu, mikanda ya suruali, mifuko, viti vya pikipiki vilivyochanika, na mikanda ya kufungia mizigo kwenye baiskeli.

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, uzalishaji wa viatu na bidhaa za ngozi umekuwa sehemu ya mjadala wa kikanda. Mwezi Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya waliokutana Arusha waliagiza kuendelezwa kwa viwanda vya nguo na ngozi na kupunguzwa hatua kwa hatua uingizaji wa nguo na viatu vya mitumba. Utekelezaji wa agizo hilo ulilegezwa baadaye, lakini swali lililobaki ni la msingi: je, fundi aliye na ngozi, kisu na wateja anaweza kutengeneza kiatu badala ya kukikarabati tu? Sehemu kubwa ya jibu imo katika mashine moja. Fundi anayekusanya akiba au kukopa katika kikundi ili anunue cherehani hana nafasi ya kununua ya pili ikiwa ya kwanza itamshinda.

2.0 Jina moja, mashine tatu

Muuzaji anaposema "cherehani ya kiwandani", mnunuzi husikia "cherehani yenye nguvu". Maana hizi mbili hazilingani. Neno "kiwandani" huonesha kwamba mashine imeundwa kufanya kazi siku nzima bila kupumzika. Haliambii lolote kuhusu unene wa kitu inachoweza kushona. Kwa sababu hiyo, jina hilo moja hutumika kwa makundi matatu ya mashine yaliyo mbali sana.

Kundi la kwanza ni cherehani za nguo za kiwandani. Mfano unaofahamika sana ni Juki DDL-8700, yenye uwezo wa kupiga hadi mapigo 5,500 kwa dakika na hatua ya mshono isiyozidi milimita 4. Hatua ya mshono ni umbali kutoka tundu moja la sindano hadi jingine. Mashine hii ni bora kwa mashati na sare za shule. Ikilishwa ngozi ya ng'ombe yenye tabaka mbili nene, huruka mapigo, hukata uzi na kuvunja sindano.

Kundi la pili ni mashine za uzito wa kati, zinazotumiwa kwa mifuko, viti vya magari na viatu. Juki DNU-1541, yenye mapigo yasiyozidi 2,500 kwa dakika na hatua inayofika milimita 9, imo katika kundi hili. Juki LS-1341 na Pfaff 335 zimo pia, nazo zina mkono mwembamba wa mviringo mahali pa meza bapa.

Kundi la tatu ni mashine nzito hasa: Singer 45K ya zamani, Adler 205, Juki TSC-441, pamoja na mashine nyingi zilizonakiliwa kutoka muundo huo wa 441. Hizi hupiga takribani mapigo 800 kwa dakika, lakini hupenya mshono wa karibu milimita 20. Matandiko ya farasi, mikanda ya mashine na soli nene ndiyo kazi yake.

Ni dhahiri kwamba kadiri mashine inavyokuwa nzito ndivyo inavyokuwa ya polepole. Kwa fundi wa ngozi, hilo si hasara. Mzunguko wa soli ya ndara ya mtu mzima ni kama sentimita 65. Kwa hatua ya milimita 5, mshono huo una mapigo 130. Mashine inayokwenda mapigo 200 kwa dakika huumaliza kwa chini ya dakika moja, ilhali ile ya mapigo 5,500 ingeumaliza kwa sekunde moja na nusu, kasi ambayo hakuna mkono unaoweza kuiongoza kwenye kona. Kwa hiyo, kasi inayotangazwa kwenye bango la duka haina budi kuwa kigezo cha mwisho.

3.0 Ngozi, uzi na sindano

Ngozi hutofautiana na kitambaa kwa jambo moja kubwa: tundu lake halizibi. Sindano ikipita katikati ya nyuzi za pamba, nyuzi hizo hujisogeza na kurudi. Ikipita kwenye ngozi, huacha tundu la kudumu. Mshono uliokosewa hauwezi kufumuliwa na kurudiwa mahali palepale. Aidha, matundu yaliyokaribiana mno huifanya ngozi ichanike kwa mstari, kama karatasi iliyotobolewa ili ikatwe kwa mkono.

Hesabu yake si ngumu. Namba ya sindano katika mfumo wa metriki ni kipenyo chake kwa sehemu za mia za milimita. Sindano namba 160 ina kipenyo cha milimita 1.6. Fundi akiitumia kwa hatua ya milimita 2, kati ya tundu na tundu hubaki ngozi ya milimita 0.4 tu. Akiongeza hatua hadi milimita 4, hubaki milimita 2.4. Mashine ya nguo isiyovuka hatua ya milimita 4 humnyima fundi nafasi hiyo anapotaka kutumia sindano kubwa zaidi.

Sindano nayo hufuata uzi. Unene wa uzi hupimwa kwa kipimo cha Tex, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa kilomita moja. Ulinganifu unaofaa kwa kazi ya ngozi ni huu:

Uzi wa Tex 70: sindano namba 100 hadi 110, bitana na ngozi laini ya mifuko.
Uzi wa Tex 135: sindano namba 140 hadi 160, mifuko, viti vya pikipiki, sehemu za juu za viatu.
Uzi wa Tex 210: sindano namba 180, mikanda na ndara.
Uzi wa Tex 270: sindano namba 200, mikanda minene na soli.
Uzi wa Tex 350: sindano namba 230 hadi 250, matandiko na mikanda ya mizigo.

Uzi unaofaa ni wa nailoni au poliesta, uliopakwa gundi ili nyuzi zake zisiachane unapopita kwenye tundu la sindano. Kwa bidhaa zinazokaa juani mchana kutwa, poliesta hustahimili miale ya jua kuliko nailoni. Jambo hili lina uzito mwambaoni, ambako kiti cha pikipiki hakioni kivuli.

Namna ngozi ilivyotengenezwa huathiri uteuzi pia. Ngozi ya kromu ni laini na hupenyeka kwa urahisi. Hutumika kwa mifuko na sehemu za juu za viatu. Ile iliyolainishwa kwa magome ya miti, kama muwati unaopandwa Njombe nchini Tanzania, huwa ngumu na imara. Hufaa kwa mikanda na soli. Milimita 6 za ngozi ya aina ya pili humchosha sindano na mota kuliko milimita 6 za aina ya kwanza. Fundi anayepima unene peke yake hajapima kazi yote.

Ili apate kipimo cha kuanzia, fundi huorodhesha bidhaa zake na kutafuta mahali penye mshono mnene zaidi katika kila moja. Ukanda wa ndara uliokunjwa mara mbili, kila tabaka likiwa na milimita 2.5, hufikia milimita 5. Kona ya mfuko ambapo tabaka nne za milimita 1.5 hukutana hufikia milimita 6. Soli ya milimita 5 iliyounganishwa na ubao wa ndani wa ngozi na ukanda wa juu hufikia milimita 10 au zaidi. Namba kubwa kuliko zote katika orodha hiyo ndiyo inayotaja kundi la mashine.

4.0 Ulishaji na umbo

Cherehani ya kawaida husogeza kitu kinachoshonwa kwa meno yaliyo chini ya bamba, huku mguu ukikandamiza kwa juu. Kwenye ngozi, mtindo huu huleta kasoro mbili. Tabaka la juu hubaki nyuma kwa sababu ngozi hung'ang'ania mguu, na meno huacha alama upande wa chini. Mwisho wa mshono, vipande vilivyokatwa sawasawa huonekana havilingani.

Dawa ya kasoro hiyo ni ulishaji wa pamoja: meno, sindano na mguu wa ndani husogea kwa wakati mmoja huku sindano ikiwa imezama ndani ya ngozi. Tabaka zote huenda sambamba kama zilizopigiliwa msumari. Mnunuzi anaweza kuutambua bila kusoma kitabu cha maelezo. Azungushe gurudumu kwa mkono na kutazama sindano: ikipanda na kushuka tu, ulishaji si wa pamoja, ikizama kisha ikatembea na ngozi kwenda nyuma, ni wa pamoja. Kuwapo kwa miguu miwili inayopokezana hakutoshi, kwani zipo mashine ambazo miguu hutembea lakini sindano haitembei.

Umbo nalo huamua ni bidhaa gani itaingia. Meza bapa hufaa mikanda na vipande vilivyolala. Mkono wa mviringo huruhusu mfuko uliokwisha kuunganishwa au kiatu kuvikwa juu yake. Nguzo iliyosimama hutumika kwa sehemu za juu za viatu na mabuti. Karakana yenye mashine moja hunufaika zaidi na mkono wa mviringo, kwa kuwa meza ya mbao inaweza kutengenezwa na seremala wa hapohapo na kuuzunguka mkono huo kazi bapa inapokuja. Kinyume chake hakiwezekani: meza bapa haigeuzwi kuwa mkono.

Hapa inafaa kutaja mashine ya kukarabatia viatu, inayofanana na Singer 29K, ambayo kichwa chake huzunguka pande zote na kuendeshwa kwa mkono au miguu. Herufi K katika jina hilo hutokana na Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, Scotland, na kufungwa mwaka 1980. Hivyo kila 29K halisi ina umri usiopungua miaka hiyo. Kwa kiraka ndani ya kiatu, mashine hii haina mshindani. Kwa uzalishaji, bobini yake ndogo huikwamisha. Katika mshono wa unene wa milimita 10 wenye hatua ya milimita 5, kila pigo hula karibu milimita 15 za uzi juu na kiasi hichohicho chini. Soli moja ya sentimita 65 hutumia takribani mita 2 za uzi wa bobini, na uzi ukiwa mnene, bobini ndogo huisha kabla kazi haijaenda mbali. Tena, mashine hii haikuundwa kwa uzi wa Tex 270.

5.0 Nguvu ya kuendeshea

Umeme wa Burundi ni wa volti 220 na herzi 50. Mashine iliyotumika inayotoka Japani inaweza kuwa na mota ya volti 100, na ile ya Marekani volti 120 na herzi 60. Mashine iliyong'olewa kiwandani mara nyingi huja na mota ya fezi tatu ya volti 380, ambayo haitazunguka kwenye soketi ya nyumba. Kichwa cha mashine kinaweza kuwa kizuri na mota isifae. Gharama ya kubadilisha mota iingizwe katika bei tangu mwanzo.

Mota za klachi huzunguka wakati wote swichi ikiwa imewashwa, hata fundi anapopaka gundi au kuzungumza na mteja. Mota za sevo huzunguka pale tu pedeli inapokanyagwa, hivyo huokoa umeme na hutulia kwa mwendo mdogo. Hata hivyo, sevo yenyewe haitoshi kwa ngozi nzito. Kati ya mota na mashine panahitajika kipunguza mwendo, yaani puli ndogo inayozungusha puli kubwa. Ikiwa uwiano wao ni moja kwa tatu, mwendo hupungua hadi theluthi moja na nguvu ya kupenya huongezeka karibu mara tatu. Fundi anayenunua mota kubwa bila kipunguza mwendo amelipia kasi ambayo hataitumia.

Umeme unaokatika hulazimisha swali jingine: je, mashine inaweza kushona bila umeme? Kwa kuwa mashine za kundi la tatu huenda polepole, gurudumu lake linaweza kuzungushwa kwa mkono au kufungiwa kanyagio la miguu, na kazi ikaendelea. Mapigo 60 kwa dakika humaliza ile soli ya mapigo 130 kwa dakika mbili na ushei. Ni kazi ya jasho, lakini mteja hasubiri hadi kesho. Katika uteuzi wa Bugarama, gurudumu linalozungushika kwa mkono bila kukwama lina thamani sawa na mota.

6.0 Utunzaji: sindano iliyo karibu

Kila aina ya mashine ina mfumo wake wa sindano, na mifumo hiyo haibadilishani. DNU-1541 na LS-1341 hutumia mfumo wa 135x17 wenye ncha ya mviringo, au 135x16 wenye ncha ya kukatia ngozi. Mashine za muundo wa 441 hutumia mfumo wa 794, na 29K hutumia 29x3 au 29x4. Sindano ikizidi au ikipungua urefu kwa milimita moja au mbili, ndoano ya bobini haikuti kitanzi cha uzi, na mashine nzima huonekana mbovu kumbe sindano ndiyo si yake.

Hivyo basi, kabla ya kununua mashine, fundi wa Bugarama aulize sindano zake zinapatikana wapi. Bujumbura ndilo soko la kwanza. Kusini zaidi, upande uleule wa mashariki wa ziwa, kuna Kigoma, iliyounganishwa kwa reli na Dar es Salaam, ambako Kariakoo huuza vipuri vya kila namna; na Nairobi kuna Kariokor, soko linalofahamika kwa ndara na mikanda ya ngozi. Majina ya masoko hayo mawili yana asili moja, jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini safari hizo ni ndefu, na barabara ya mwambao huharibiwa na mafuriko na maporomoko ya udongo msimu wa mvua. Sindano hamsini za akiba, bobini kumi na ndoano moja vinunuliwe siku ileile mashine inaponunuliwa. Bajeti isiyobakiza fedha ya vitu hivi ni dalili kwamba mashine iliyochaguliwa ni ghali mno kwa karakana hiyo.

Kwa kigezo hiki, mashine ya muundo ulioenea huwa bora kuliko mashine adimu iliyo imara zaidi. Adler ya zamani inaweza kuwa chuma kisichochoka, lakini ikivunjika kipande kisichopatikana hugeuka pambo la ukutani.

7.0 Jaribio kabla ya malipo

Muuzaji huonesha mashine yake kwa kipande cha ngozi laini na uzi mwembamba, na kila mashine hufaulu mtihani huo. Mnunuzi aende na ngozi yake, uzi wake na sindano ya namba anayoihitaji. Jaribio lifuate hatua zifuatazo:

Kwanza, azungushe gurudumu kwa mkono mzunguko mzima akisikiliza mkwaruzo na kuhisi mahali pagumu.
Pili, autikise mhimili wa sindano. Ukicheza kando, umeshakwisha.
Tatu, ashone sentimita 30 kwenye mshono wake mnene zaidi kwa mwendo wa polepole, kisha ageuze na kutazama upande wa chini. Fundo la uzi linatakiwa kujificha katikati ya ngozi.
Nne, apande kutoka tabaka mbili hadi nne na kushuka tena bila kusimama. Mashine isiyofaa huruka mapigo papo hapo.
Tano, apime hatua ya kwenda mbele na ya kurudi nyuma. Zikitofautiana sana, sehemu za ulishaji zimelika au zinahitaji kurekebishwa.

Mashine isiyoruhusiwa kujaribiwa hivyo isinunuliwe.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Kwa karakana inayokarabati tu, mashine ya mkono yenye kichwa kinachozunguka inatosha. Kwa karakana inayotaka kutengeneza ndara, mikanda na mifuko isiyozidi milimita 8, mashine ya uzito wa kati yenye ulishaji wa pamoja na mkono wa mviringo, ikishona uzi wa Tex 135, ndiyo inayolipa mapema. Soli chache nene zinaweza kuendelea kushonwa kwa msharasi na mkono hadi oda zitakapoongezeka. Mashine ya kundi la tatu inunuliwe pale tu orodha ya bidhaa inapoonesha kuwa mishono ya milimita 10 na kuendelea ni kazi ya kila siku. Kwa uzi mwembamba wa bitana, mashine hiyo ni nzito mno, nayo huacha matundu makubwa kuliko uzi.

Kwa upande wa lugha, makala inapendekeza kwamba vyuo vya ufundi na waandaaji wa vitabu vya kiada wasiridhike na "cherehani ya kiwandani". Maelezo kama "cherehani ya ulishaji wa pamoja, mkono wa mviringo, uzi hadi Tex 135" ni marefu, lakini kila neno lake linaweza kukaguliwa na mnunuzi aliyesimama dukani. Fundi wa Bugarama anayeongea Kirundi nyumbani na Kiswahili sokoni hukuta mashine yenye kibandiko cha Kichina au Kiingereza. Istilahi hizo zikimfikia kwa lugha anayonunulia, atakuwa na la kumwuliza muuzaji kabla akiba yake haijageuka chuma asichoweza kukitumia.